Khadambi Asalache: Mwana wa Kaimosi aliyeiandika sauti yake kwenye mbao

WAPENZI wa fasihi wakiombwa kuwataja waandishi waliochipuka katika iliyokuwa wilaya ya Kakamega, jina la kwanza kuwajia midomoni huwa la marehemu Francis Imbuga. Si ajabu. Tamthilia yake, Betrayal in the City, imesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa shule za sekondari humu nchini.

Ni wachache mno watakaomtaja Khadambi Asalache, licha ya kwamba riwaya yake ilichapishwa mwaka wa 1967, miaka tisa kabla ya tamthilia hiyo ya Imbuga kutoka.

Jina la Asalache linafahamika zaidi katika jiji la London, alikofia mwaka wa 2006. Huko, katika barabara ya Wandsworth, ipo nyumba nambari 575 ambayo kwa nje haina lolote la kumsimamisha mpita njia. Wageni hulazimika kujiandikisha mapema kabla ya kuizuru. Huvua viatu mlangoni na kuingia katika vikundi vidogo vya watu sita hivi, kwa kuwa vilivyomo ndani ni vyepesi kuharibika.

Wanachokwenda kukitazama ni kazi ya mikono ya mwandishi aliyeitafuta sauti yake katika riwaya, mashairi na mchezo wa redio, kisha akaipata mahali ambapo hakuna mhakiki aliyefikiria kuitafuta.

Asalache alizaliwa tarehe 28 Februari 1935 huko Kaimosi, akiwa kifungua mimba wa wazazi wake. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, ambayo makao yake makuu yalikuwa mjini Kakamega. Baadaye liliendelea kuwa chini ya wilaya ya Kakamega hadi Vihiga ilipomegwa na kuwa wilaya mwaka wa 1990. Leo Kaimosi imo katika Kaunti ya Vihiga.

Msitu wa Kaimosi ni kipande cha msitu ule ule mkubwa wa Kakamega, mabaki ya misitu ya mvua ambayo zamani ilienea hadi Nandi. Mtoto aliyekulia pale alikua akiwa amezungukwa na miti.

Vilevile alikua katika kivuli cha misheni. Wamishonari wa madhehebu ya Quaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902 na kuanzisha kituo ambacho hata jina lake lilibeba neno la kazi za viwandani. Hawakuja na Biblia pekee. Walikuja pia na mpango wa kufundisha ufundi, na miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyashughulikia ni kiwanda cha kupasua mbao. Kwa hiyo kitabu na msumeno viliingia Kaimosi kwa mlango mmoja.

Kuhusu kitabu, kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Wamishonari walipotafsiri maandiko katika sehemu hizo, lugha waliyoishughulikia ilikuwa Lulogooli, lugha ya Wamaragoli. Watiriki, kabila ambalo Asalache aliliandika baadaye, walijikuta wakisali na kujifunza kusoma kwa lugha ya jirani. Ni lugha ndugu, ndiyo, na wanaelewana. Hata hivyo, mtu anayejifunza kusoma kwa maneno yasiyo ya nyumbani kwao hujua mapema kwamba kilichoandikwa na kinachosemwa jikoni ni vitu viwili tofauti.

Katika habari za utoto wake husimuliwa kwamba Asalache alikuwa akisoma tamthilia za Shakespeare huku akichunga ng'ombe wa familia. Msomaji anaweza kutabasamu, kwa kuwa wasomi wa kizazi kile karibu wote wana kisa cha ng'ombe na kitabu. Lakini kisa hiki kinalingana na maisha yake yaliyofuata, ambayo daima yalikuwa na mambo mawili yaliyokwenda sambamba bila moja kulifukuza jingine.

Alisomea katika Shule ya Upili ya Mang'u, kisha akajiunga na Chuo cha Ufundi cha Kifalme jijini Nairobi, kile ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko alisomea usanifu wa majengo. Baadaye alivuka bahari na kusomea sanaa katika miji ya Rome, Geneva na Vienna, na mwaka wa 1960 akahamia London.

Tunapaswa kuutulia mwaka huo wa 1960. Kenya ilikuwa bado miaka mitatu kabla ya uhuru. Vijana wengi waliokwenda ng'ambo walikwenda wakihesabu siku za kurudi kuchukua nyadhifa zilizokuwa zikiachwa na wakoloni. Asalache hakurudi kuishi. Alipata riziki kwa kufundisha Kiswahili katika shule ya lugha ya Berlitz, na alifanya kazi pia na Idhaa ya Afrika ya BBC.

Hebu tumfikirie kijana huyo. Anafundisha Kiswahili, ambacho si lugha ya mama yake, kwa wageni. Anaandika kwa Kiingereza, ambacho pia si lugha ya mama yake. Na anachokiandika ni kisa cha Watiriki, ambao lugha yao haikuwa na rafu yake katika duka lolote la vitabu, si London wala Nairobi. Mwandishi wa namna hiyo anaposema anatafuta sauti yake, anaitafuta wapi?

Riwaya yake, A Calabash of Life, ilichapishwa na Longman mwaka wa 1967. Ni hadithi ya Shiyuka, shujaa kijana anayepania kuurejesha uongozi wa watu wake ambao umo mikononi mwa Dembla, mtu aliyeunyakua isivyo haki. Watu wenyewe wanaitwa Vatirichi, kama Watiriki wanavyojiita. Kisa kinatokea kabla ya ukoloni.

Hapo ndipo penye uamuzi wa kwanza mkubwa wa Asalache akiwa mwandishi, na mimi huuona kuwa wa kijasiri kuliko unavyoonekana leo. Mtindo wa miaka ile ulikwishajulikana. Chinua Achebe alikuwa ameonyesha mwaka wa 1958 jinsi jamii inavyosambaratika Mzungu anapowasili. Ngugi wa Thiong'o alikuwa ametoa Weep Not, Child mwaka wa 1964 na The River Between mwaka wa 1965, na katika zote mbili shule, kanisa na mashamba yaliyoporwa ndiyo kiini cha mambo.

Asalache alikuwa na kila sababu ya kufuata njia hiyo. Alitoka Kaimosi, palipokuwa na misheni kongwe. Alisoma katika shule za watu wa dini. Angeweza kuandika habari za mtoto wa misheni anayeraruka kati ya madhabahu mawili, na wahariri wangempokea kwa mikono miwili.

Badala yake akamwondoa Mzungu kabisa kwenye hadithi. Aliwaacha Vatirichi wagombane wao kwa wao kuhusu jambo ambalo binadamu wa kila mahali hugombania: nani ana haki ya kutawala, na aliyenyang'anywa afanye nini. Migogoro yao ni yao. Haimsubiri mgeni aje kuipa maana.

Ni muhimu kukumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla ya riwaya hiyo, yaani 1966, msomi Mmarekani Walter Sangree alikuwa amechapisha kitabu kuhusu Watiriki, marika yao, sala zao na siasa zao. Ni kazi ya kitaalamu na bado inategemewa na watafiti. Hivyo katika muda wa miezi michache jamii ndogo ya Magharibi mwa Kenya iliingia vitabuni mara mbili, mara moja kwa jicho la mtafiti na mara ya pili kwa kinywa cha mwana wao. Mtafiti alieleza marika hufanya kazi gani. Mwandishi alimchukua kijana mmoja wa rika, akampa jina na hasira.

Je, katika riwaya hiyo Asalache alikuwa amekwisha kuipata sauti yake? Kwa maoni yangu, alikuwa amepata mahali pa kusimama, lakini sauti kamili bado. Hadithi ya shujaa aliyedhulumiwa na mnyang'anyi wa kiti ina mifupa inayojulikana, na aliyesoma Shakespeare malishoni hangeweza kukosa kuitambua. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye kipawa anayejaribu nguo ambazo wengine walikwishavaa, akizishona upya zimkae.

Mashairi yalimpa nafasi nyingine. Baadhi yaliingia katika mikusanyo ya mashairi ya Afrika ya wakati ule, na mwaka wa 1973 akatoa diwani yake, Sunset in Naivasha. Kati ya riwaya na diwani kulikuwa na mchezo wa redio, The Latecomer, uliotangazwa na BBC mwaka wa 1971.

Riwaya, mchezo, diwani, vyote ndani ya miaka sita. Kisha kimya. Hakuna riwaya ya pili.

Kimya hicho ndicho kinachowatatiza wanaojaribu kumweka Asalache katika historia ya fasihi ya Kenya. Wenzake waliendelea. Ngugi aliiacha lugha ya Kiingereza katika utunzi wake wa hadithi na kuandika kwa Gikuyu, akitoa Caitaani Mutharaba-ini mwaka wa 1980. Suala la lugha, ambalo lilikuwa likitokota tangu waandishi walipokutana Makerere mwaka wa 1962, lilikuwa limegeuka kuwa jambo la kuchagua upande.

Asalache hakuchagua upande wowote hadharani. Alirudi darasani kusoma falsafa ya hisabati katika chuo cha Birkbeck, Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya uzamili. Akaajiriwa kuwa mtumishi wa serikali katika Hazina ya Uingereza. Mtu anayesoma orodha hii haraka atadhani mshairi alikufa na karani akazaliwa.

Mwaka wa 1981 alinunua nyumba ile ya barabara ya Wandsworth kwa bei iliyokuwa chini ya pauni 31,000. Ilikuwa nyumba ya mwanzoni mwa karne ya 19, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana, na kabla yake ilikuwa imekaliwa na watu waliojiingilia bila idhini. Hali yake ilikuwa mbaya. Sababu mojawapo ya kuipenda ilikuwa ya kawaida kabisa: basi la kumfikisha kazini lilipita karibu.

Katika chumba cha chini ukuta ulikuwa na unyevu. Wengi wetu tungemwita fundi, au tungepaka rangi na kujifanya hatuoni. Asalache aliufunika kwa mbao za msonobari. Zilipokwisha kukaa ukutani, akaziona kuwa tupu mno, akaanza kuzitoboa na kuzikata nakshi.

Hakuacha tena. Kwa takriban miaka 20, akitoka kazini, alikata nakshi kwa mkono. Mbao alizipata kutoka kwa milango na sakafu kuukuu zilizotupwa katika majaa ya mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba za jirani. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida, msumeno mdogo wa mkono na kifaa cha kutobolea matundu. Alizikata mbao hizo nyembamba kama darizi, akazibandika kwenye kuta, dari na milango, akatengeneza na samani.

Kuna maua, ndege na wanyama. Kuna wachezaji wa ngoma. Kuna maumbo ya kihesabu yanayojirudia na kujipinda, ambayo bila shaka yalimfurahisha mwanafunzi wa falsafa ya hisabati aliyekuwa ndani yake.

Chimbuko la nakshi hizo lilikuwa pana. Walioichunguza kazi yake hutaja kasri la Alhambra huko Granada, kumbi za kupokelea wageni za Damascus, nyumba za mbao za kandokando ya maji mjini Istanbul, na milango ya Zanzibar. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Aliyewahi kukaa katika chumba cha nyumba ya kale ya Lamu, akatazama zidaka ukutani na nakshi juu ya kizingiti, anaelewa jinsi ukuta unavyoweza kusomwa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Asalache aliacha uandishi akawa mchonga mbao. Mimi naona aliendelea na kazi ile ile. Aliyoyafanya kwenye mbao yote yalikuwamo kwenye karatasi: subira ya mshairi anayerudia mstari hadi ukae sawa, na mazoea ya kuchukua umbo alilolikuta kwa wengine kisha kuligeuza hadi mwenyewe asilitambue.

Kilichobadilika ni msikilizaji. Riwaya ya 1967 ilibidi ipite kwa mhariri, na mhariri alikuwa na msomaji wake akilini, mwanafunzi wa Afrika au Mwingereza mwenye hamu ya kuijua Afrika. Mwandishi alipaswa kueleza. Alipaswa kumfanya mgeni aelewe Vatirichi ni akina nani. Kila mwandishi wa kwetu aliyeandika kwa ajili ya wachapishaji wa ng'ambo anaijua adha hiyo ya kueleza chapati ni nini.

Katika chumba chake mwenyewe hakuwa na wa kumweleza. Hakuna aliyemuuliza mbona ndege wa Afrika anakaa juu ya pambo la Kiarabu katika nyumba ya Kiingereza. Aliweka kilichompendeza mahali kilipompendeza, na kama hakikumpendeza hakukuwa na mwingine wa kulaumiwa.

Hilo halina maana kwamba alijifungia asionwe. Marafiki walifika, na mwaka wa 1990 jarida la The World of Interiors liliandika habari za nyumba hiyo. Mwenzi wake katika miaka ya baadaye alikuwa Susie Thomson. Alipenda pia kukusanya vitu vidogo vidogo: vyombo vya udongo vya Kiingereza vyenye rangi ya kung'aa, kadi za posta, vidau vya wino vya kioo.

Vidau vya wino. Mtu aliyekuwa amezika uandishi hangevipanga rafuni kwa uangalifu ule. Taipureta yake nayo iko mumo humo.

Hata hivyo, haifai kumtukuza kupita kiasi. Njia aliyoichagua ilikuwa na gharama, na gharama hiyo imelipwa na sisi. Kitabu hubebeka. Nakala moja ya riwaya ikifika katika maktaba ya Kakamega inaweza kusomwa na mamia, na mmoja wao akapata wazo la kuandika chake. Ukuta haubebeki. Mwanafunzi wa Hamisi au Shamakhokho anayetaka kuona kazi kuu ya mwana wa kwao anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege.

Kwa upande wa vitabu vyenyewe hali si nzuri. A Calabash of Life si kitabu cha kukipata kwa urahisi katika maduka yetu, na diwani ni adimu zaidi. Wachapishaji wa humu nchini hurudia kuchapa vitabu vinavyotahiniwa, na visivyotahiniwa hubaki kwa wauza mitumba wa vitabu. Bila shaka wapo watakaosema mwandishi aliyetoa riwaya moja hastahili kulalamikiwa hivyo. Labda. Lakini riwaya inayowaonyesha Watiriki wakiwa wenyeji wa historia yao, isiyo na mgeni mlangoni, si kitu ambacho tunacho kwa wingi.

Wala sidhani ni haki kumlaumu kwa kutoandika kwa lugha ya mama. Mwaka wa 1967 nani angeichapa riwaya ya Kitiriki, na nani angeinunua? Ngugi alipogeukia Gikuyu alikuwa na mamilioni ya wasemaji nyuma yake. Watiriki hawakuwa na idadi hiyo, na hata Biblia walikuwa wamezoea kuisoma kwa Lulogooli. Ukishayatazama mambo hayo, nakshi isiyohitaji alfabeti ya mtu yeyote huanza kuonekana kuwa chaguo lenye mantiki.

Khadambi Asalache alifariki tarehe 26 Mei 2006, akiwa na umri wa miaka 71, kutokana na saratani ya mapafu. Aliiacha nyumba kwa National Trust, shirika linalohifadhi majengo ya kihistoria nchini Uingereza, ambalo kwa kawaida hujulikana kwa makasri na mashamba ya makabaila. Shirika hilo liliichukua rasmi mwaka wa 2010 na kuifungulia umma mwaka wa 2013, baada ya matengenezo.

Vitu vilirudishwa vilivyokuwa. Samani alizozikata kwa msumeno ziko mahali pake, vyombo vya kung'aa viko rafuni, na mgeni anayepita akiwa na soksi tu miguuni huonyeshwa pia taipureta, kimya kati ya kuta zilizojaa.